Rejeta ya pikapu ya dizeli: unafuu uko wapi?

Ukiingia Gerezani, Kariakoo, ukaulizia rejeta ya Hilux ya dizeli, utatajiwa bei nne kabla hujaumaliza mtaa. Ipo mpya iliyo kwenye boksi la kampuni iliyotengeneza gari. Ipo mpya yenye jina ambalo hujawahi kulisikia. Ipo ya mtumba, iliyong'olewa kwenye gari lililokatwa nje ya nchi. Na yupo fundi atakayekwambia usinunue kabisa, mpelekee ile ya zamani aifungue. Kirinyaga Road pale Nairobi na soko la Kisekka kule Kampala mambo ni hayohayo. Bei ya juu inaweza kuwa mara kadhaa ya bei ya chini, na rejeta zote ukizitazama kwa mbali zinafanana.

Mwenye pikapu ya kazi, anayetoa viazi Njombe au kupeleka saruji Chunya, hana muda wa mjadala mrefu. Gari likilala, hela inalala. Swali lake ni moja: ipi ni nafuu? Ninachotaka kukionyesha hapa ni kwamba bei ya dukani ni kipimo kibovu cha unafuu. Rejeta nafuu ni ile inayotoa joto lote la injini ukiwa umepakia, mlimani, jua la saa saba, kwa gharama ndogo kwa kila mwaka wa kazi. Na huwezi kuichagua vizuri kama hujui ile ya kwanza ilikufa kwa ugonjwa gani.

Dizeli ikiungua ndani ya injini, kiasi cha theluthi moja tu ya nishati yake, au zaidi kidogo, ndicho kinachogeuka kuwa nguvu ya kuzungusha kranki. Nyingine inatoka na moshi, na iliyobaki, ambayo si ndogo hata kidogo, inamezwa na maji yanayozunguka silinda. Maji hayo hayana pa kuutua mzigo huo isipokuwa kwenye rejeta. Ndiyo maana gari tupu linaweza kwenda Kibaha na kurudi na rejeta iliyoziba nusu, mshale wa temperecha usitikisike, halafu gari hilohilo likachemsha siku limepakia tani moja na kupanda mlima wa Kitonga. Pale Kitonga gari linatambaa na gia ndogo, upepo wa mbele hakuna, injini inatoa karibu nguvu zake zote, na kazi ya kuvuta hewa inabaki kwa feni peke yake. Rejeta ya pikapu ipimwe kwa Kitonga.

Mwinuko wa nchi nao una lake. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko maji kwenye sufuria iliyo wazi huchemka kwenye nyuzi kama 93. Kinacholiokoa gari ni mfuniko wa rejeta, ambao hubana maji ndani kwa shinikizo ili yachelewe kuchemka. Mifuniko mingi ya Toyota imeandikwa 0.9 au 1.1 juu yake. Kwa ule wa 1.1, maji matupu ukiwa pwani hufika nyuzi kama 120 kabla ya kuchemka. Springi yake ikichoka au mpira wake ukikatika, kinga yote hiyo imeondoka, na rejeta nzima inasingiziwa ugonjwa wa kifaa kinachoenea kiganjani.

Hasara ya kukosea si rejeta nyingine tu. Injini kama 2KD na 1KD za Hilux Vigo, au 4D56 ya Mitsubishi L200, zina silinda hedi ya aluminiamu iliyokaa juu ya bloku ya chuma cha kusubu. Aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho. Gari likichemsha vibaya mara moja, hedi inapinda, gasketi inaachia, na wakati mwingine hedi inapasuka katikati ya valvu. Kusaga hedi, gasketi, boliti mpya, mafuta, siku za gereji: hesabu hiyo hupita bei ya rejeta yoyote iliyotajwa pale Gerezani. Kwa hiyo anayesema "weka ya bei rahisi, tutaangalia mbele ya safari" anaiweka injini rehani.

Je, ni rejeta kweli?

Magari mengi hubadilishwa rejeta bila rejeta kuwa na kosa. Tabia ya kuchemsha yenyewe inasema mengi kwa anayesikiliza. Gari likichemsha kwenye foleni na kupoa likianza kukimbia, itazame feni kwanza. Pikapu nyingi za dizeli zina feni yenye klachi ya mafuta mazito ya silikoni, ambayo inatakiwa kung'ang'ania injini ikipata joto. Zima injini ya moto, zungusha feni kwa mkono: ikizunguka bure kama haina mwenyewe, klachi imekufa. Kama kuna mtu aliondoa kava la plastiki linaloizunguka feni kwa sababu lilimsumbua wakati wa kufungua, lirudishwe. Bila kava hilo feni hurudia kuvuta hewa ileile ya moto iliyo ndani ya boneti badala ya kuivuta kupitia rejeta.

Gari likienda vizuri tambarare na kuchemsha mlimani tu au kwenye mwendo mkubwa, hapo shaka juu ya rejeta ni ya haki: mirija imeziba kwa ndani, au mapezi yamejaa uchafu kwa nje. Anza na nje kwa sababu ni bure. Kwenye gari lenye AC na intakula mbele, kama Ford Ranger nyingi, uchafu hujificha katikati ya vifaa hivyo, mahali jicho halifiki ukisimama mbele ya gari. Makapi ya mahindi, vumbi la barabara ya changarawe, panzi, na kwa watu wa Bukoba senene wa msimu, vyote hukaa pale na kugeuka zulia. Oshea kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa maji ya nguvu ndogo. Mashine ya kuoshea magari ikishikwa karibu hulaza mapezi, na pezi lililolala halipitishi hewa.

Halafu kuna dalili inayoogopwa. Injini ya baridi, umefungua mfuniko, unawasha, na maji yanatoa mapovu mfululizo yasiyokwisha. Au mipira ya rejeta inakuwa migumu kama jiwe dakika chache tu baada ya kuwasha, kabla maji hayajapata moto. Hiyo ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Gasketi imeachia au hedi ina ufa. Ipo dawa ya majimaji ya rangi ya bluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Ikigeuka kijani au manjano, gesi imethibitika. Hapo hata ukinunua rejeta ya dhahabu gari litachemsha tu, na rejeta mpya itapasuliwa na shinikizo lisilo lake.

Themostati ijaribiwe kwenye sufuria ya maji ya moto kabla ya kulaumiwa. Nyingi zimeandikwa nyuzi za kufunguka, kama 82 au 88. Kuitoa na kutembea bila hiyo, jambo ambalo mafundi wengi wamelizoea, si tiba. Injini inachelewa kupata joto lake, inakula mafuta zaidi, na katika baadhi ya injini za Toyota themostati ndiyo pia inayofunga njia ya mkato ya maji, kwa hiyo ukiitoa, sehemu ya maji hairudi kwenye rejeta kabisa.

Fundi wa rejeta na shaba yake

Ukithibitisha kwamba kosa ni la rejeta, angalia imetengenezwa kwa nini. Hilux za zamani za injini 2L, 3L na 5L, na Land Cruiser za 1HZ, nyingi zilikuja na rejeta ya shaba. Hizi zina sifa moja inayozidi zote katika nchi yenye mafundi wengi na fedha chache: zinafunguka.

Kazi yenyewe inafaa kutazamwa na mwenye gari. Fundi anaupasha moto mshono wa tenki la juu kwa mtungi wa gesi hadi risasi iyeyuke, analinyanyua tenki, na mirija yote inaonekana safu kwa safu, midomo yake bapa ikiwa imejaa tope la rangi ya matofali. Anachukua ukanda mwembamba wa chuma, anaupitisha kwenye kila mrija kutoka juu mpaka utokee chini. Mrija unaokataa anauchokonoa taratibu, kwa sababu ukuta wake ni mwembamba na nguvu ikizidi unatoboka. Akimaliza anamwaga maji juu, na unaona kwa macho yako kama yanashuka yote kwa pamoja au yanachuruzika. Anarudishia tenki, analehemu, anaziba matundu, anajaza hewa na kuizamisha rejeta kwenye pipa. Povu likitokea popote, kazi haijaisha. Simama pale mpaka pipa litulie. Na kama gereji ni yako, mfanye fundi huyo afanyie kazi nje au penye upepo, maana moshi wa risasi anaouvuta kila siku unamdhuru polepole, na vijana wengi wa kazi hii hawajaambiwa.

Kama mapezi yameoza na kupukutika ukiyagusa, kuzibua hakusaidii. Kwa rejeta ya shaba bado kuna njia nyingine: kuwekewa sehemu mpya ya kati, mirija na mapezi, huku matenki yako ya zamani yakibaki. Kwa Land Cruiser ya kazi hii mara nyingi ndiyo njia bora kuliko zote, kwa sababu unapata uwezo wa rejeta mpya na vishikio vyako vya awali vinavyokaa bila kulazimishwa.

Kazi hii ya fundi isichanganywe na kuziba kwa dawa. Wapo madereva wanaomimina yai bichi, pilipili manga au unga wa dukani ndani ya rejeta ili tundu lizibe. Linaziba, na mirija midogo inaziba pamoja nalo, na hita, na njia nyembamba za maji ndani ya hedi. Kwa kukwama porini usiku, sawa, fanya ufike. Ukifika, mwaga yote na usafishe mfumo mzima kabla ya kufunga chochote kipya.

Rejeta za kisasa ni aluminiamu katikati na matenki ya plastiki pembeni au juu na chini. Plastiki hiyo ni nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo, imebanwa kwenye aluminiamu kwa meno ya aluminiamu hiyohiyo juu ya ukanda wa mpira. Baada ya miaka ya joto hugeuka kahawia, hukauka, na hupasuka karibu na mdomo wa mpira wa juu. Gundi hazidumu pale. Mrija wa aluminiamu unaweza kuchomelewa kwa gesi ya agoni na fundi mwenye mkono mwepesi, lakini tenki la plastiki lililopasuka ni la kubadilisha.

Watu wengi wanaamini shaba ni bora kwa kila hali. Ni kweli kwamba shaba hupitisha joto kwa zaidi ya mara moja na nusu ya aluminiamu. Lakini aluminiamu ni nyepesi mara tatu, hivyo mtengenezaji anaweza kutumia mirija mipana zaidi inayogusa mapezi kwa eneo kubwa, na viungo vyake huunganishwa tanuruni bila risasi, ambayo yenyewe ni mpitishaji hafifu wa joto. Aluminiamu iliyotengenezwa vizuri haishindwi na shaba. Udhaifu wake uko kwenye maji, na huko nitarudi.

Mtumba: sifa kubwa kuliko kifaa

Hapa najua nitabishana na wengi. Kariakoo kuna imani kwamba mtumba wa Japani ni bora kuliko kipya cha China, na kwa injini au giaboksi imani hiyo ina msingi. Kwa rejeta ya pikapu ya dizeli, msingi ni mdogo.

Chukua Hilux Vigo, pikapu iliyojaa barabara zetu. Toyota iliacha kuuza Hilux ndani ya Japani mwaka 2004, ikairudisha 2017, ikitokea Thailand. Kizazi kizima cha Vigo hakikuuzwa huko. Kwa hiyo muuzaji anayekuhakikishia kwamba rejeta yake ya Vigo ya 2KD "imetoka Japani, bosi, OG kabisa," ama haijui historia ya bidhaa yake, ama amekuletea ya Hiace, gari ambalo Japani lilitumia injini za familia hiyohiyo. Injini kufanana si rejeta kufanana: urefu, vishikio na midomo ya mipira hutofautiana. Rejeta za mtumba za Vigo hutoka kwingine, zikiwemo zinazopita Dubai na Sharjah, na katika nchi za Ghuba Hilux ya petroli ya lita 2.7 ni gari la kawaida sana. Rejeta ya petroli inaweza kukaa kwenye nafasi ya dizeli kwa kulazimishwa kidogo na isiweze kazi. Tena ya Ghuba imeishi kwenye joto linalozeesha plastiki haraka kuliko Nagoya.

Zaidi ya hayo, ubovu wa rejeta hauonekani. Injini ya mtumba unaweza kuipima kompresheni. Rejeta iliyoziba theluthi moja ya mirija inang'aa ileile. Ukilazimika kununua ya mtumba, ikatae yenye plastiki ya kahawia, yenye chumvi nyeupe au kijani kwenye meno yanayobana tenki, au yenye ubichi wa gundi. Ziba midomo, itiwe hewa isiyozidi shinikizo lililoandikwa kwenye mfuniko wake, izamishwe kwenye pipa palepale dukani. Kisha mimina ndoo ya maji kwa mdomo wa juu: yatoke chini kwa wingi uleule yanavyoingia. Muuzaji akikataa majaribio haya, ameshakujibu.

Mpya isiyo na jina kubwa

Kwa Vigo, Revo, D-Max, Ranger na L200, kwa mwenye bajeti ya kawaida, hapa ndipo unafuu wa kweli unapopatikana, na hapahapa ndipo watu wanapoibiwa zaidi. Soko lina tabaka mbili za mpya zisizo za kampuni ya gari. Kuna watengenezaji wanaojulikana duniani kwa kazi hii: Denso, inayoitengenezea Toyota yenyewe vifaa vya kupozea, Koyorad ya Japani, Nissens ya Denmark, Valeo ya Ufaransa. Na kuna viwanda visivyohesabika, vingi vya China, ambavyo ndani yake mna vizuri na vibovu.

Kitu kimoja kinawatenganisha kuliko jina: unene wa sehemu ya kati. Ukiiweka rejeta wima na kuitazama kwa ubavu, kutoka uso wa mbele wa mapezi hadi uso wa nyuma, utapata milimita 16, 26, 32, 36, kutegemea gari na kutegemea uaminifu wa kiwanda. Rejeta inayopaswa kuwa na 26 inaweza kuletwa ikiwa na 16 ndani ya matenki yaleyale, ikafunga vizuri, vishikio sawa, midomo sawa, na bei ya kupendeza. Kinachokosekana ni karibu sehemu mbili kati ya tano za chuma kinachopoza. Gari tupu halitajua. Kitonga itajua.

Kwa hiyo nenda dukani na rejeta yako ya zamani, rula, na penseli. Pima unene, urefu na upana wa sehemu ya kati peke yake bila matenki. Hesabu mirija iliyo kwenye upana wa kiganja, kwenye ya zamani na kwenye mpya. Hesabu mapezi kwenye sentimita tano. Inyanyue kwa mkono mmoja: tofauti kubwa ya uzito ni tofauti ya malighafi. Pitisha kidole kwenye meno yanayobana tenki. Yawe yamelala sawasawa, bila moja lililosimama. Mambo haya huchukua muda mfupi, na hakuna boksi linaloweza kuyaficha.

Nene zaidi kuliko ya awali nayo si lazima iwe bora. Hewa hupata shida kupenya mapezi mazito, na gari likiwa linatambaa mlimani na feni iliyochoka, safu za nyuma hupata hewa ambayo tayari ina moto. Kipimo cha kiwanda kilipangwa pamoja na feni ya kiwanda. Kulingana nacho kunatosha.

Kuhusu namba: usiombe "rejeta ya Vigo". Katika mpangilio wa Toyota, namba ya rejeta nzima huanza na 16400, na tarakimu zinazofuata hutofautisha injini na giaboksi. Nakili namba hiyo kwenye kibandiko cha rejeta yako, au mpe muuzaji namba ya chesisi. Hilux yenye chesisi inayoanza na MR0 imeunganishwa Thailand, inayoanza na AHT imetoka Afrika Kusini, na si kila kifaa kinabadilishana.

Giaboksi ya otomatiki inahitaji tahadhari ya peke yake. Ndani ya tenki la rejeta yake mara nyingi mna kipoza mafuta cha giaboksi, na kipoza hicho kikitoboka, maji na mafuta ya giaboksi huchanganyika kuwa uji wa rangi ya waridi. Huko Marekani wamiliki wa Nissan Pathfinder, Frontier na Xterra za kati ya 2005 na 2010 walifikisha suala hili mahakamani, kwa sababu hasara ilikuwa giaboksi nzima. Mwenye pikapu ya otomatiki asiokoe fedha hapa. Anunue ya kampuni ya gari au ya mtengenezaji anayejulikana, au afungiwe kipoza mafuta cha pembeni kinachojitegemea na ile njia ya ndani iachwe.

Boksi la kampuni ya gari nalo halithibitishi kitu. Bandia za vipuri zipo za kutosha: Tanzania Tume ya Ushindani hupambana na bidhaa bandia, na Kenya ina mamlaka yake ya kazi hiyo chini ya sheria ya 2008. Bei ya "jenyuini" ikiwa nusu ya bei ya wakala rasmi, ichukulie kama bandia na uipime kwa rula kama nyingine yoyote. Dai risiti yenye namba ya kifaa na muda wa dhamana. Muuzaji anayeandika "rejeta moja" kwenye karatasi amejitoa kwenye lawama mapema.

Sasa hesabu, kwa mfano wa kubuni tu. Rejeta ya laki mbili inayodumu mwaka mmoja, kila mara na ufundi wa elfu arobaini, kulanti ya elfu sitini na siku mbili za gari kutofanya kazi zenye thamani ya laki moja na nusu, inakugharimu laki nne na nusu kwa mwaka. Ya laki tano inayodumu miaka minne, na gharama zilezile za kufunga, haifiki laki mbili kwa mwaka. Weka bei za mtaani kwako na siku zako, na mara nyingi jibu litaelekea upande huohuo, hata kabla hujaweka bei ya hedi.

Maji ndiyo yanayoua

Rejeta nyingi haziuawi na barabara. Zinauawa na kile kinachomiminwa ndani. Maji ya visima vya Dodoma, na ya visima vingi vya Dar es Salaam vilivyoingiliwa na bahari, yana chumvi na madini ya kutosha kuacha gamba kwenye mirija na kuila aluminiamu kwa vitobo vidogo vidogo. Shaba ilivumilia tabia hiyo kwa miaka, ndiyo maana wazee wetu waliongezea maji ya mtoni na wakafika. Aluminiamu haivumilii.

Kwa hiyo kama unajua gari lako litaendeshwa na madereva watatu tofauti watakaoongeza maji ya popote, na gari lako ni la aina iliyowahi kuwa na rejeta ya shaba, baki na shaba. Kama ni aluminiamu, kulanti si hiari. Changanya na maji yaliyochujwa chumvi, yale ya betri, nusu kwa nusu au kama kopo linavyoelekeza, na usichanganye kulanti za aina mbili. Ile ya waridi ya Toyota imeandikiwa kilomita 160,000 kwa mara ya kwanza na 80,000 kwa kila mara inayofuata. Weka dumu la mchanganyiko huohuo nyuma ya kiti, ili dereva asipate sababu ya kwenda bombani.

Kuna muuaji mwingine asiyezungumzwa: umeme. Taa za ziada, redio kubwa, ving'ora, vikifungwa bila waya mzuri wa hasi, umeme wake hutafuta njia kupitia maji ya rejeta na kuila aluminiamu. Pima kwa mita: waya wa hasi kwenye hasi ya betri, wa chanya uchovye kwenye maji bila kugusa chuma, washa kila kitu. Volti zikipanda vifaa vikiwashwa, tafuta waya mbovu kabla ya kufunga rejeta mpya.

Unapofunga mpya, badilisha mfuniko na mipira kwa wakati huohuo, na bushi za mpira zinazoishikilia rejeta kama zimekauka, maana kwenye barabara yenye matuta madogo madogo ni hizo zinazozuia mtikisiko usifike kwenye tenki la plastiki. Safisha injini kwa maji mpaka yatoke meupe, la sivyo tope la zamani litahamia kwenye mirija mipya wiki ya kwanza. Toa hewa yote kwenye mfumo: injini ikiwa inaunguruma, hita imefunguliwa, mdomo wa rejeta ukiwa juu.

Uamuzi wangu ni huu. Rejeta ya shaba yenye mapezi mazima: ifunguliwe, izibuliwe; mapezi yakiwa yameoza, iwekewe sehemu mpya ya kati. Rejeta ya aluminiamu ya gari la giaboksi ya kawaida: nunua mpya ya mtengenezaji anayejulikana, au hata asiyejulikana, mradi unene na mirija vilingane na vya awali kwa rula yako mwenyewe. Ya otomatiki: usishuke chini ya mtengenezaji anayejulikana. Mtumba uwe wa mwisho kabisa, na uzamishwe kwenye pipa kwanza. Kama unaelekea dukani wiki hii, usiache rejeta ya zamani gereji; ibebe uende nayo.